"Frolic", "gambol", "romp", "caper" au "prance": uchague lipi pale Kiswahili kinaposema "kurukaruka"?

Mvua ilipokatika, wanambuzi wakaanza kurukaruka uani.

Sentensi hiyo ilinikalisha mchana kutwa. Nilikuwa natafsiri hadithi ya watoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na hadi hapo kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Kwa Kiswahili sentensi haina neno gumu hata moja. Aliyewahi kuishi nyumba yenye mbuzi anawaona papo hapo: yule mdogo anapanda juu ya kinu kilicholazwa, anasita, kisha anaruka ubavuubavu, miguu yote minne imekakamaa kama ya meza, anatua vibaya, anapiga magoti, anainuka, anarudia. Mwenzake anamjia kwa kichwa, wanagongana paji kwa paji, halafu wote wawili wanatimka kuelekea jikoni kana kwamba wameitwa. Wakifika mlangoni wanasahau walichofuata.

"Rukaruka" linatosha kwa sababu msomaji wetu anajua mwenyewe kwamba mwanambuzi baada ya mvua haruki kwa hofu wala kwa hasira. Furaha anaileta yeye. Kiingereza hakimwachii msomaji kazi hiyo. Kina maneno zaidi ya nusu dazeni kwa mchangamko wa namna hii, na kila moja linakuja na furaha yake, au kejeli yake, au hata kesi yake mahakamani. Kamusi niliyokuwa nayo mezani iliyafasiri karibu yote kwa namna moja: rukaruka, chezacheza. Ndiyo maana nimeamua kuyaweka pamoja hapa, kwa ajili ya mwalimu, mtafsiri, mwongoza watalii na mwanafunzi wa insha aliyekwama kati ya mawili au matatu.

Maswali manne ya kulipima kila neno

Kila neno nitaliuliza mambo manne. Nani anaruka: mnyama, mtoto au mtu mzima? Mwili unafanya nini hasa? Jicho la anayesimulia likoje: linafurahi naye, linamtania, au linamsuta? Na mwisho, kuna maana gani nyingine inayovizia ndani ya neno hilohilo?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Nimekaa na maneno haya muda mrefu, na ninaloliona ni kwamba Kiingereza kinayatenga kwa jicho la mtazamaji kuliko kwa miguu ya anayeruka. Mtoto yuleyule, uwanja uleule, mruko uleule, unaweza kumwandika kwa neno linalomkumbatia au kwa neno linalomwambia kaa chini. Swali la nne linafuata kwa karibu, hasa kwetu Afrika Mashariki, ambako mara nyingi maana ya pili ya neno ndiyo tuliyokutana nayo kwanza.

Frolic

Hili lilitoka Kiholanzi katika karne ya 16. Kule "vrolijk" ni mtu mwenye furaha, mchangamfu. Wajerumani wana ndugu yake, "fröhlich", ambalo wanalitumia hadi leo kutakiana Krismasi njema. Kwa Kiingereza nalo lilianza kama kivumishi cha uchangamfu, kitenzi kikafuata baadaye. Asili hiyo inasaidia kweli wakati wa kuchagua, kwa sababu furaha bado ndiyo kiini cha neno na miguu inakuja nyuma.

Anayefanya "frolic" anaweza kuwa karibu yeyote: mtoto wa mbwa, watoto ufukweni, wapenzi wawili wanaomwagiana maji, hata pomboo. Huyu pomboo ananifaa sana kama mfano. Anayeandika brosha ya safari za Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hawezi kutumia neno linalodai miguu, maana pomboo hana mguu wa kurukia. "Frolic" halidai. Halisemi mwili umefanya nini, linataja hali tu: hakuna kazi inayosubiri, hakuna haraka, hakuna adui. Na hapo ndipo mwandishi anapaswa kuwa mkweli. Pomboo wanaocheza na mawimbi kwa raha zao wako kwenye "frolic". Pomboo wanaozama huku mashua zikiwafuata nyuma hawako huko, na brosha isiseme wako.

Jicho la neno hili ni pole. Kwa mtoto na mnyama halina doa lolote. Kwa mtu mzima linaongeza utani kidogo: ukiandika kwa Kiingereza kwamba mkurugenzi alionekana ufukweni akifanya "frolic" siku ya kazi, msomaji atajiuliza nani amebaki ofisini.

Tahajia yake huwaponyoka wengi. Wakati uliopita ni "frolicked", na hali ya kuendelea ni "frolicking", kwa "k" iliyoongezwa. Bila hiyo "k", herufi "c" ikikutana na "e" au "i" ingesomeka kama "s". Ni kanuni ileile ya "picnic", "panic" na "mimic", kwa hiyo ukiijua kwa moja umeijua kwa zote.

Maana ya pili iko mahakamani, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu inatuhusu. Mwaka 1834, huko Uingereza, iliamuliwa kesi ya Joel dhidi ya Morison. Mtu alikuwa akivuka barabara mjini London akagongwa na mkokoteni wa farasi, akaumia vibaya. Mtumishi aliyekuwa na mkokoteni ule alisemekana kuwa ameiacha njia yake ili akamwone rafiki. Je, bwana wake alipe? Jaji Parke akaweka mpaka. Mtumishi akipinda njia huku bado yuko kwenye shughuli ya bwana wake, bwana analipa. Lakini akienda kwenye "frolic of his own", yaani mambo yake mwenyewe yasiyohusiana kabisa na kazi aliyotumwa, bwana halipi. Msemo huo ulivuka bahari pamoja na sheria za Kiingereza, na mawakili wa Afrika Mashariki wanautumia hadi leo pale dereva wa kampuni anapogonga mtu akiwa nje ya njia aliyopangiwa. Dereva huyo anaweza kuwa alikuwa anakwenda msibani. Hakuna aliyecheza wala kuruka. Anayetafsiri hukumu ya namna hiyo kwa Kiswahili aandike "shughuli zake binafsi" na aiache "rukaruka" nje ya mahakama kabisa.

Kwa jumla "frolic" linamfaa anayetaka kusema furaha bila kujifunga kwenye umbo la mwendo. Halimfai anayetaka msomaji auone mruko wenyewe. Ni neno linalotazama kwa mbali kidogo.

Gambol

Hapa miguu inarudi. Neno limepitia Kifaransa, na mzizi wake ni "gamba", mguu kwa Kiitaliano. Ndani yake kuna mruko wa kweli: mnyama anajirusha juu ghafla, anajipinda hewani, anatua, anakimbia hatua tatu, anarusha tena. Wenye neno hili ni watoto wa wanyama wa miguu minne, kuanzia wanakondoo, kisha wanambuzi, ndama na watoto wa farasi. Ukilisoma peke yake bila sentensi, Mwingereza ataona wanakondoo weupe kwenye majani mabichi, majira ya baridi yamekwisha. Limezoea shamba la Kiingereza kiasi kwamba linabeba hewa yake popote unapolipeleka, na ukilitua kwenye uwanja wa vumbi wa Dodoma mwezi wa tisa, msomaji ataona majani ambayo hayapo.

Jicho lake linafurahi moja kwa moja, tena kwa upendo wa kale. Ni neno la vitabuni. Shakespeare analo katika Hamlet, pale mwana wa mfalme anaposhika fuvu la Yorick, mchekeshaji aliyembeba mgongoni utotoni, na kuuliza iko wapi leo ile mirukaruko yake. Nadhani hakuna matumizi yanayoonyesha uzito wa neno hili kuliko hayo: mchangamko mtupu, umetajwa mbele ya mfupa.

Mtego wake ni sauti. "Gambol" na "gamble" hutamkwa sawasawa. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Ukisoma kwa sauti darasani, mbele ya watoto wanaosikia matangazo ya kubeti tangu asubuhi na wanaojua mkeka ni kitu gani, umewapeleka wanakondoo kwenye kamari. Nimewahi kulisoma mbele ya darasa la watoto wa miaka tisa, na mkono wa kwanza ulionyooshwa uliuliza kondoo walipata wapi pesa. Mtoto yule alisikia vizuri kabisa. Neno ndilo lililomwangusha.

Kuhusu tahajia, Waingereza wanaandika "gambolled" kwa "l" mbili na Wamarekani "gamboled" kwa moja. Chagua upande mmoja ubaki nao hadi mwisho wa kazi.

Basi linamfaa mwandishi wa kusomwa kimyakimya na watu wazima wanaopenda neno lenye umri, akiwa anaandika juu ya wanyama wachanga. Kwa mtoto wa binadamu linakubalika, ila linamfanya awe kama wa kwenye picha ya zamani. Kwa mtu mzima linaleta kejeli, hata kama hukuikusudia.

Romp

"Romp" ni mchezo wa vumbi. Watoto wa mbwa wanaong'atana masikio na kubingirishana, ndugu wawili wanaopigana mieleka kitandani mpaka godoro linateleza, darasa zima lililofunguliwa mlango baada ya mvua ya siku mbili. Kuna kelele, kuna kugusana, kuna kitu kitakachovunjika. Ndiyo maana mtu mmoja peke yake hawezi kufanya "romp" vizuri. Anahitaji mwenzake au angalau mbwa.

Inadhaniwa limetokana na "ramp", neno la zamani la mnyama anayesimama kwa miguu ya nyuma na kuparamia. Katika karne ya 18 lilikuwa pia nomino ya msichana asiyetulia, anayecheza kwa nguvu kuliko walivyotaka wakubwa wake. Lawama hiyo imepungua, lakini harufu yake ipo: jicho la "romp" ni la mzazi anayesema "waache wacheze" huku akiondoa vikombe mezani. Kwa Kiswahili ningeandika "kucheza kwa fujo" au "kubingirishana", na "rukaruka" singelitumia hapa hata kidogo.

Maana nyingine ni nyingi kuliko za maneno yote haya. Kwenye michezo, anayefanya "romp" hadi ushindi ameshinda kwa raha, wenzake wako mbali nyuma. Usiandike hivyo kwa mbio zilizoamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Magazeti ya udaku ya Uingereza yanalitumia kwa mapenzi ya siri, hasa ya wanasiasa na wachezaji mpira, na matumizi hayo yamezoeleka kiasi kwamba watu wazima wawili na neno "romp" kwenye sentensi moja tayari ni uvumi. Halafu kuna rompa, ile nguo ya mtoto mchanga inayovaliwa kipande kimoja, ambayo akina mama wanaichambua kwenye marobota ya mitumba. Nguo hiyo ilipewa jina kwa sababu mtoto akiivaa anaweza kuchezea popote, na kwa mwalimu hiyo ni njia rahisi ya kulifundisha neno. Watoto wanaijua nguo tayari.

Caper

Natamani hili lingenifaa. Asili yake inaelekea kwenye "capriola" ya Kiitaliano, mruko wa mbuzi, na ndani ya neno hilo yumo "capra", mbuzi mwenyewe. Huyohuyo ndiye aliye kwenye jina la Kilatini la nyota za Capricornus, ambazo wanajimu wa pwani yetu wanaziita buruji ya Jadi, na Jadi kwa Kiarabu ni mwanambuzi. Mimi nilikuwa na wanambuzi wawili uani na neno lenye mbuzi ndani. Nilikaribia kuliandika.

Lakini msomaji wa leo wa Kiingereza hamsikii mbuzi yule. Anasikia vituko. Anayefanya "caper" anaruka kwa namna ya kuchekesha, mara nyingi akijua anatazamwa, au amejisahau kwa furaha hadi ameacha heshima yake pembeni: mjomba kwenye harusi ambaye muziki umemkuta amesimama, mchekeshaji jukwaani, mtoto anayejifanya kichaa mbele ya wageni. Mwili unarusha miguu na mikono bila mpango. Jicho linacheka, ingawa halina uadui.

Kama nomino, neno limekwenda mbali zaidi. "Caper" ni hila, njama ya kijanja, na kwenye sinema ni aina nzima ya hadithi za wizi uliopangwa kwa akili na kusimuliwa kwa ucheshi. Kwenye menyu ya hoteli, "capers" ni vichipukizi vya maua vilivyotiwa chumvi au siki, vinavyonyunyizwa juu ya samaki. Vichipukizi hivyo vina asili nyingine kabisa, ya Kigiriki, na havina undugu na mbuzi. Anayetafsiri menyu asivichanganye.

Linafaa kwa mtu mzima aliyepagawa na furaha, au kwa mchezo wenye ujanja ndani yake. Kwa mnyama mchanga linawezekana, ila linamgeuza kuwa mchekeshaji, na wanambuzi hawachekeshi makusudi.

Prance

Mwenye neno hili ni farasi. Anainua miguu ya mbele juu, anachupa kwa miguu ya nyuma, shingo imejikunja, kwato zinagusa ardhi kama zinaionea kinyaa. Nembo ya Ferrari, yule farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kwa Kiingereza anaitwa kwa neno hili. Kwa farasi ni sifa, na jicho linastaajabu.

Likihamia kwa binadamu, sifa inageuka. Anayefanya "prance" jukwaani au barabarani anajishaua, anaringa, anatembea akijua anatazamwa na akitaka aendelee kutazamwa. Hapa Kiswahili kina utajiri kuliko Kiingereza: kuringa, kujishaua, kujitia, kunata, kila moja na kiwango chake. Sioni haja ya kurefusha. Ukimpenda unayemwandika, tafuta neno jingine, isipokuwa kama ni mtoto mdogo aliyevaa viatu vipya vya sikukuu. Kwa huyo peke yake "prance" linakubali kuwa tamu.

Mawili ambayo Afrika Mashariki imeyageuza: frisk na scamper

Kamusi yoyote ya Kiingereza itakuambia "frisk" ni kurukaruka kwa uchangamfu, kama mwanakondoo au mbwa mdogo. Ni kweli. Mwulize sasa mtu wa Nairobi "frisk" ni nini. Atakuonyesha mlinzi mlangoni, mikono imenyooshwa pembeni, anapapaswa mifukoni na kiunoni kabla ya kuingia dukani. Maana hiyo ilizuka Uingereza zamani, na nchini Marekani ina uzito wa kikatiba tangu Mahakama ya Juu yao ilipoamua kesi ya Terry dhidi ya Ohio mwaka 1968, kuhusu lini polisi anaweza kumsimamisha mtu na kumpapasa. Kwetu imekuwa maana ya kila siku. Watanzania tunasema kusachiwa. Hivyo ukiandika kwa wasomaji wa hapa kwamba wanambuzi walifanya "frisk", nusu yao watatafuta mwizi. Na kivumishi chake, "frisky", kwa farasi ni mchangamfu, kwa mtu mzima ni mwenye hamu ya mahaba. Nimemwona mwanafunzi akilitumia kumsifu bibi yake aliyepona maradhi. Nilimpigia mstari kwa upole na nikamweleza nje ya darasa.

"Scamper" ni mbio fupifupi za miguu midogo: panya darini, kindi, tumbili aliyeiba ndizi, mtoto aliyesikia anaitwa kula. Jicho linafurahi. Lakini magazeti ya Kiingereza ya ukanda wetu yamelizoea kwa jambo jingine, watu wanaotimka kuokoa maisha, risasi zikilia au ghorofa likiporomoka. Ukilisoma hilo Uingereza, linashtua, kwa sababu kule mbio za "scamper" zina udogo na uchekeshaji ndani yake. Hata hivyo, matumizi yetu hayako mbali na asili, maana neno lenyewe lilianza kwa maana ya kukimbia na kuponyoka. Ninachosema ni kwamba ujue unamwandikia nani. Mhariri wa London atalifuta kwenye habari ya maafa. Mhariri wa Kampala hatalitazama mara mbili.

Yapo pia "skip", la mtoto anayeruka mguu mmoja mmoja akienda dukani, na "cavort", lililozaliwa Marekani na ambalo leo hutumiwa zaidi kumsema mtu mzima anayefanya starehe asizostahili. La kwanza ni jepesi na salama. La pili nalikwepa.

Mruko ambao si mchezo

Kabla ya kuchagua, uliza kama kweli ni furaha. Swala tomi wa Serengeti anaruka juu kwa miguu minne iliyonyooka, anatua, anaruka tena, na mgeni kwenye gari anapiga picha akiamini anaona uchezaji. Mara nyingi yupo mwindaji karibu. Mwaka 1988 watafiti Clare FitzGibbon na John Fanshawe walichapisha utafiti kuhusu swala hao na mbwa mwitu, wakaonyesha kwamba mbwa mwitu huwaandama zaidi wale wanaoruka kwa kasi ndogo. Mruko ni ujumbe: mimi nina nguvu, usipoteze pumzi yako. Kiingereza kina neno maalumu kwa hilo, "stot", na jingine kutoka Kiafrikana, "pronk", lenye maana ya kujionyesha. Mwongoza watalii anayesema "frolic" hapo amemnyima mgeni wake kitu kizuri kuliko vyote alivyokuja kuviona, mnyama anayesema na adui yake kwa miguu. Vijana wa swala wasio na adui karibu nao huruka hivyo wakicheza, na hapo ukisema "frolic" hukukosea. Tazama kwanza nyuma ya vichaka.

Sasa uchague

Kama unaandikia watoto wa shule za msingi wa Afrika Mashariki, anza na "frolic" au, kwa mwendo wa kawaida, "skip". "Gambol" liache kwa sababu ya sauti yake, na "frisk" kwa sababu ya mlinzi wa mlangoni. Watoto wakiwa wanacheza kwa kugaragazana, "romp" ndilo lao, na rompa itakusaidia kulieleza.

Ukiandikia wachapishaji wa Uingereza, juu ya wanyama wachanga, tena kwa kusomwa kimya, "gambol" lina uzuri ambao "frolic" halina. Linamwonyesha msomaji miguu.

Kwa brosha ya utalii, jibu linategemea mnyama. Pomboo na watoto wa simba mchezoni, "frolic" kwa wa kwanza na "romp" kwa wa pili. Tumbili, "scamper". Swala, baada ya kutazama vichaka. Pundamilia dume anayejionyesha anaweza kubeba "prance" bila kuvunjiwa heshima.

Kwa taarifa ya michezo, "romp" pale tu ushindi ulipokuwa mweupe. Kwa karatasi za sheria, "frolic" liandikwe katika ule msemo wake kamili, na tafsiri yake iwe ya mambo binafsi. Kwa kumwandika mtu mzima mwenye furaha ambaye unampenda na unataka msomaji ampende, "caper" kama alichekesha, "frolic" kama alipumzika. Na mwanafunzi aliye kwenye chumba cha mtihani, asiye na kamusi wala uhakika, aandike alichokiona kwa vitenzi vidogo anavyovimudu: waliruka, walikimbia, waligongana vichwa. Mtahini atawaona wanambuzi.

Mimi niliandika "frolicked" kwenye ile sentensi ya kwanza, kisha nikaongeza sentensi mbili zenye kinu, paji na mlango wa jikoni, ili miguu ionekane huko. Toleo la Uingereza lilipoandaliwa, mhariri alilibadilisha kuwa "gambolled" kwa "l" mbili. Alikuwa sahihi kwa wasomaji wake, nikakubali siku hiyohiyo. Niliomba jambo moja tu, kwamba kanda ya kusikiliza, ambayo ingekuja pia kuchezwa kwenye madarasa yetu, ibaki na "frolicked".